Ndoo ya Hema la Mbuni

Meneja wa kambi alikuwa na haraka, na Inspekta hakupenda watu wenye haraka pale mtu anapopotea.

"Afande, mambo yako wazi," alisema Meneja kabla Inspekta hajashusha mguu wa pili kutoka kwenye gari la polisi. "Mgeni alitoka hemani usiku, fisi wakambeba, mlinzi akiwa amelala fofofo. Wewe mchukue mlinzi, sisi tumtafute mgeni. Au mabaki yake, Mungu amrehemu."

"Mmeshamzika?"

"Hapana, lakini..."

"Basi usimwombee rehema bado. Nionyeshe hema lake."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa kuburura kidogo mguu wa kushoto, na watu wengi walidhani mguu huo unamchelewesha. Haukumchelewesha. Ulimpa tu nafasi ya kutazama chini. Alimwambia konstebo wake aliyekuwa kwenye usukani asizime redio ya upepo, kisha akafuata njia ya mchanga iliyopita mbele ya mahema.

Kambi ilikuwa kimya kuliko kambi inavyopaswa kuwa asubuhi. Wageni wengine walikuwa wamehamishiwa kwingine tangu alfajiri, na askari wa wanyamapori walikuwa wameteremka na mto wakifuata nyayo za fisi. Mahema yalijipanga chini ya migunga, kila moja limejitenga na jirani yake, na mbele ya kila moja kilisimama kibao chenye picha ya mnyama: Tembo, Twiga, Duma. La Mbuni lilikuwa la mwisho kabisa. Ukilipita hilo, umekwisha kuingia nyikani.

Nje ya stoo, mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, peku, mikono katikati ya magoti.

"Huyo ndiye mlinzi?"

"Ndiye."

"Na viatu vyake?"

"Nimevichukua pamoja na tochi. Asije akatoroka."

"Atorokee wapi huyu mzee, nyikani, bila viatu?" Inspekta hakungoja jibu. "Mrudishie. Tochi pia."

Hema la Mbuni lilikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimevurugwa, shuka limesukumwa miguuni, chandarua kimetupwa juu ya fremu. Kando ya kitanda, kwenye nguzo, palikuwa na ndoano tupu.

"Hapo huwa pana nini?"

"Filimbi," alisema Meneja. "Kila hema lina yake. Mgeni akipata shida anapuliza, mlinzi anakwenda. Hata hivyo Bwana Ndege alikuwa anatembea nayo shingoni tangu siku aliyofika. Tulikuwa tunamtania kuwa yeye ni refa."

Bwana Ndege ndilo jina walilompa. Alikuwa mwalimu mstaafu, hana habari na simba wala chui. Wenzake wakifukuzia wanyama wakubwa, yeye alimwomba dereva wake asimame chini ya kichaka atazame kiota.

"Na hii?" Inspekta aliinama mlangoni. Palikuwa na ndala moja ya ngozi.

"Mwenzake huyu hapa." Meneja alifungua mfuko wa plastiki kwa vidole viwili. Ndani yake mlikuwa na ndala iliyotafunwa ikabaki mkanda na kipande cha soli. "Askari wa wanyama wameiokota kando ya mto. Ndiyo maana nasema mambo yako wazi."

Inspekta aliigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa na mate yaliyokauka na alama za meno, lakini hapakuwa na damu hata tone.

"Fisi anapenda ngozi?"

"Kupita kiasi. Tunawakataza wageni wasiache viatu nje. Ukisahau, asubuhi umebaki na kamba."

"Buti zake za matembezini ziko wapi?"

Meneja alitazama chini ya kitanda, akatazama nyuma ya sanduku. Alifungua hata kabati la nguo, pasipo na haja.

"Hazipo," alisema.

"Hazipo. Na ndala zote mbili ziko hapa, moja mlangoni na moja mfukoni mwako. Basi huyu mtu alitoka usiku kujisaidia amevaa buti, amefunga kamba zake vizuri, na njiani akabeba ndala moja ili ampe fisi." Inspekta alimrudishia mfuko. "Mambo yako wazi kweli. Nani alimwona mara ya mwisho?"

Aliyemwona mara ya mwisho, kwa kauli ya kila mtu kambini, alikuwa mhudumu wa mahema. Walimwita Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa yeyote pale. Alikuwa na macho mekundu na kitambaa cha kufutia vumbi begani, na aliongea akiwa amesimama wima utadhani yuko mbele ya hakimu.

"Nilimwona jioni amerudi kutoka matembezini, afande. Ameoga, akalala. Jicho alisema hataki chakula, kachoka."

"Jicho ni nani?"

"Dereva wake. Tunamwita hivyo kwa sababu anamwona duma kabla duma hajajiona mwenyewe."

"Wewe ulimwona mgeni amevaa nini?"

Shangazi alishusha kitambaa begani.

"Alikuwa... Sikumwona nguo, afande."

"Ulimwona uso?"

"Nilijua amerudi. Nilimletea maji ya moto nikayatundika, nikaenda kwa wageni wa Duma. Nilipotazama tena, ndoo ilikuwa chini."

"Nieleze hiyo ndoo. Mimi kwetu naoga kwa kopo."

Hapo Shangazi alilegea kidogo. Alimpeleka Inspekta nyuma ya hema, kwenye bafu la turubai lisilo na paa. Juu ya tawi palikuwa na kigurudumu, na kamba iliyopita juu yake ilishika ndoo nzito ya turubai yenye bomba la kunyunyiza. Mhudumu huijaza maji ya moto ya kuchoma, huivuta juu na kuifunga kamba kwenye kigingi cha nje. Mgeni huchanganya na maji ya baridi mwenyewe. Akimaliza, huishusha ndoo chini, kwa sababu nyani wakiiona juu huipanda na kuichana.

"Kwa hiyo sisi tukipita kwa mbali tunajua," alisema Shangazi. "Ndoo juu, mgeni bado hajaoga. Ndoo chini, ameshaoga, usimsumbue. Hatugongi kila mara. Wageni hawapendi."

"Ndoo ikishuka, mgeni yupo."

"Ndivyo tunavyofanya kazi siku zote, afande."

Inspekta aliingia bafuni. Alipiga goti la mguu mzima, akapitisha kiganja kwenye mbao za kusimamia, kisha katikati ya mbao, kwenye mchanga. Mchanga ulikuwa mkavu, laini, haujaonja maji tangu jana. Sabuni ilikuwa kwenye kibao chake, bado imevaa karatasi. Na juu ya kigoda, taulo lililokunjwa kwa umbo la tembo lilikuwa limeketi, mkonga juu, likimtazama.

"Huyu tembo umemkunja leo?"

"Jana mchana." Sauti ya Shangazi ilishuka. "Wageni wote humkunjua wanapojifuta."

"Labda Bwana Ndege alijikausha kwa upepo."

Shangazi hakucheka. Inspekta naye hakuwa amekusudia kuchekesha. Alitoka, akazunguka kigingi cha kamba, na hapo mguu wake wa kushoto ukasimama kabla ya yeye kuuambia. Nyuma ya kigingi, nyasi zilikuwa zimelala chini, zimegeuka rangi ya chai, kipande cha ukubwa wa mkeka wa mtoto. Nyasi za pembeni zilikuwa kijani. Na kukatiza kipande hicho, msafara mzima wa siafu ulikuwa umekufa palepale ulipokuwa ukienda, mmoja nyuma ya mwenzake.

Aliokota siafu mmoja, akampuliza kiganjani.

"Shangazi, hapa pamemwagwa maji ya moto. Yote kwa mara moja. Mgeni aliyechoka hawezi kumwaga maji yake ya kuoga kwenye nyasi."

"Hapana, afande."

"Basi ndoo ilishuka, lakini hakuoga mtu. Aliyeishusha alijua mtaitazama." Alisimama, akapangusa goti. "Zaidi ya ndoo, nani mwingine aliyesema kuwa mgeni amerudi?"

Shangazi alikunja kitambaa chake mara mbili, tatu.

"Jicho. Aliingia na gari kwa njia ya jikoni. Pale mbele huwa tunawapokea wageni kwa taulo la unyevu na glasi ya juisi, lakini alisema mzee kachoka, hataki mapokezi, amemshusha hukuhuku nyuma. Na kuna chupa, afande. Kila hema lina chupa yake ya bati ya maji, ina picha ya mnyama wa hema. Jioni nazikusanya nizijaze. Ya Mbuni sikuipata. Nikadhani amelala nayo."

Inspekta alitazama jua. Lilikuwa limekwisha kupanda juu ya migunga. Kama mgeni hakurudi jana, hakuchukuliwa usiku, na watu wote wenye bunduki na gari walikuwa wakimtafuta mahali ambapo hakuwahi kuwapo. Na kama bado ana uhai, yuko juani, bila maji.

Alikwenda stoo haraka kuliko alivyokwenda hemani.

Mlinzi alikuwa amevaa viatu vyake lakini hakuwa amefunga kamba. Alisimama alipomwona Inspekta, na Inspekta akamshika bega akamketisha.

"Mzee, nina swali moja. Ulilala?"

Mzee alitazama mikono yake.

"Usiku nilikuwa naapa sikulala, mwanangu. Lakini tangu alfajiri wananiambia nimelala. Meneja kasema, askari wa wanyama wamesema, hata Jicho kaniambia, 'Mjomba, umri nao.' Sasa najiuliza. Labda nilisinzia nikiwa macho wazi. Inawezekana mtu kusinzia hivyo?"

"Jicho anakuita mjomba?"

"Ni mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye niliyemwombea kazi hapa, akianzia kuosha vyombo. Ni kijana mzuri. Kaniambia nikubali tu, yatakwisha."

Inspekta alihisi hasira ikimpanda, akaikalia.

"Mgeni akipuliza filimbi, unafanya nini?"

"Nampa sauti kwanza." Hapo mzee aliinua kichwa. Kazi yake aliijua. "Kabla ya kukimbia, kabla ya tochi, namjibu kwa sauti: 'Nimekusikia, nakuja!' Mtu mwenye hofu akijua amesikiwa, hafanyi upumbavu. Wageni wamenipulizia kwa ajili ya mijusi, afande, na nimewajibu. Bwana Ndege angepuliza, ningemjibu."

"Najua. Twende, fuatana nami. Usiseme kitu mpaka nikuambie."

Jicho alikuwa nyuma ya jikoni, anaosha gari. Wenzake wote walikuwa porini wanatafuta, yeye anaosha gari. Alikuwa kijana wa miraba minne, kofia imerudishwa nyuma, na alikuwa akisugua gurudumu ambalo lilikuwa limekwisha takata.

"Afande," alisema akijipangusa mikono. Kisha akamwona mlinzi nyuma yake, na macho yake, yale yaliyosifiwa kambi nzima, yakatafuta pa kutua.

"Endelea, endelea," alisema Inspekta. Alijipandisha kwenye gari lile la wazi, akaketi kiti cha wageni nyuma ya dereva, akapunga kofia yake usoni. "Hebu kaa nawe hapo mbele, unionyeshe jinsi mlivyokaa jana. Mlikwenda upande gani?"

Jicho alipanda, akashika usukani. Kwenye kiti chake alipata ujasiri.

"Upande wa mto, afande. Tukaona twiga, tukaona ndege wake. Akachoka, nikamrudisha, nikamshusha nyuma ya hema. Tukaagana."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa."

"Jua lenu hili ni kali. Nina kiu, kijana."

Mkono wa Jicho ulikwenda wenyewe. Ulikuwa umezoea: mgeni akisema kiu, mkono hurudi nyuma ya kiti, hufungua sanduku, hutoa chupa, bila jicho kuondoka njiani. Aliinyoosha chupa ya bati nyuma ya bega lake, na Inspekta akaipokea. Ilikuwa nzito, imejaa karibu hadi shingoni. Ubavuni ilikuwa na picha ya mbuni.

Jicho alikuwa bado ametazama mbele, mkono wake ukiwa hewani, na taratibu vidole vyake vikaanza kujikunja.

"Umeosha gari zima," alisema Inspekta, "ukasahau sanduku la maji. Hakurudi jana. Ndoo uliishusha wewe, ukamwaga maji ya moto kwenye nyasi. Kitanda ulikivuruga wewe. Ndala uliziweka nje ukijua mwenye kuzipenda atapita. Sitaki kujua kwa nini sasa hivi. Nataka kujua wapi."

"Afande, mimi..."

"Wapi!"

"Amekufa, afande." Jicho aliinamisha uso juu ya usukani. "Kule mto mkavu aliomba ashuke atazame kiota. Hairuhusiwi mtu kushuka, lakini yeye nilimzoea, nilimshusha mara nyingi, hakuna kilichotokea. Nyati dume akatoka kichakani. Niliwasha gari. Nilitaka nizunguke nimchukue upande wa pili, lakini nilipozunguka sikumwona, niliona kofia yake tu. Jua linazama. Nikajua amekufa. Ningesema, ningenyang'anywa leseni, ningefungwa. Mama yangu ananitegemea mimi."

"Ulishuka ukatafuta?"

Jicho aliukumbatia usukani.

"Ulishuka?"

"Sikushuka."

Mlinzi alikuwa amesimama kando ya gari muda wote. Inspekta alisahau kumpa ruhusa ya kusema, na mzee hakuingoja.

"Nimekaa pale kwenye kreti tangu alfajiri," alisema, kwa sauti ndogo mno, "nikijiuliza kama nililala. Nimeanza kuamini kuwa nililala. Na wewe ulikuwa unajua."

"Mjomba, nisamehe. Nilidhani watakufukuza tu kazi. Wewe ungepumzika nyumbani, mimi ningekulea..."

"Usiniite."

Inspekta alikuwa amekwisha shuka. Alimwita konstebo alete gari, akazungumza kwenye redio ya upepo na askari wa wanyama, akawaambia waache nyayo za fisi wageuke, waje upande wa mto mkavu. Meneja alitokea mbio akiuliza kuna nini.

"Mtu wako hajafa," Inspekta alimwambia. Hakuwa na uhakika huo, lakini alitaka watu wafanye kazi ya mtu aliye hai. "Andaa machela na maji."

Jicho aliketi mbele karibu na konstebo, amefungwa pingu, akionyesha njia kwa kidevu. Inspekta na mlinzi walikaa nyuma, chupa ya bati katikati yao. Gari liliruka kwenye mashimo, miiba ikichana ubavuni. Walifika ukingo wa mto mkavu, mahali ambapo vichaka viliziba pande zote na magurudumu ya jana yalikuwa yamechora duara pana kwenye vumbi. Duara lilikuwa moja tu. Alizunguka mara moja, akaondoka.

Kofia ya kitambaa ilikuwa imenasa kwenye mwiba.

"Zima injini," alisema Inspekta.

Konstebo akazima. Mwanzoni hawakusikia kitu ila chuma cha gari kikilia kwa joto. Inspekta alitazama angani, akashukuru kimoyomoyo kuwa hapakuwa na tai hata mmoja. Alijaribu kutazama kila mti wa upande wa pili, lakini majani yalikuwa mazito na jua lilimwingia machoni.

Kisha ikaja. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtu asiye na pumzi ya kutosha, ikapanda, ikakatika, ikapanda tena. Konstebo aligonga kichwa kwenye dirisha kwa kushtuka. Mlinzi alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Inspekta hakutazama ilikotoka. Alimtazama Jicho kwenye kioo cha dereva. Jicho hakushtuka. Alikuwa amefumba macho, na alionekana kama mtu anayesikia kitu kwa mara ya pili.

"Jana alipuliza," alisema Inspekta.

Jicho aliinamia pingu zake.

"Ulikuwa unaondoka, naye anapuliza."

"Nilijiambia ni ndege, afande," alisema Jicho, na machozi yakamporomoka. "Njia nzima nilijiambia ni ndege."

Mzee alikuwa amekwisha fungua mlango. Hakumtazama tena mtoto wa dada yake. Alishuka na viatu vyake visivyofungwa kamba, chupa ya maji kwapani, akaenda hadi ukingoni mwa mto, akaweka viganja viwili mdomoni.

"Nimekusikia!" alipaza. "Nakuja!"

Kutoka katikati ya majani ya mti mmoja mkubwa ng'ambo, filimbi ilimjibu, ikamjibu tena, na haikunyamaza mpaka alipofika chini yake.